Mshauri wa Afya ya Mazingira: Nani Anastahiki Kubebeshwa Amana Hii?

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyeyateremsha maji kutoka mbinguni yakawa sababu ya uhai wa kila kilicho hai. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na wote waliofuata mwongozo wake kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, mwenye kusafiri leo kutoka Bunju kuelekea Bagamoyo, akapita Mapinga, Kerege, Kiromo na Zinga, kisha akavuka mto Ruvu kwenda Makurunge hadi kufika Saadani, ataona kuwa mwambao huu hauko tena kama walivyouacha wazee wetu. Mashamba ya minazi na mikorosho yamegeuka viwanja vya nyumba. Mbegani ilitajwa katika makubaliano ya mwaka 2013 kuwa mahali pa bandari kubwa. Makurunge, katika ardhi iliyokuwa Ranchi ya Zanzibar, ile tuliyozoea kuiita RAZABA, leo kunalimwa miwa na kiwanda cha sukari kimeanza uzalishaji mwaka 2022. Hatusemi kuwa haya ni mabaya. Ajira ni neema na sukari ni riziki. Tunachosema ni kuwa kila mradi wa namna hii huja na maswali yanayogusa miili yetu na ya watoto wetu: Maji machafu yatakwenda wapi? Dawa za kuua magugu zitaingia katika kisima cha nani? Madimbwi yatakayochimbwa yatazaa mbu kiasi gani?

Ili maswali hayo yajibiwe, huletwa mtu anayeitwa mshauri mwelekezi. Huja na gari, kompyuta na karatasi ya mahudhurio. Hukutana na serikali ya kijiji na wazee chini ya mwembe, huuliza mawili matatu, huwaomba watu watie saini, kisha huondoka. Baada ya muda husikika kuwa ripoti imekamilika na wananchi wameridhia. Mtu huyu ana uzito mkubwa katika maisha yetu, kwa sababu yale atakayoyaandika ndiyo yatakayosomwa na wenye kutoa vibali. Basi ni haki yetu, bali ni wajibu wetu, kuuliza: Ni nani anayestahiki kubeba amana hii? Sifa zake ni zipi?

DINI INAHUSIKA VIPI?

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya serikali na vyuo vikuu, na kwamba gazeti la kulingania Tawhid na Sunna halina sababu ya kuyagusa. Tunawajibu kwa kuwakumbusha yale wanayoyajua. Mtume (s.a.w.) ameharamisha kukojoa katika maji yaliyotuama, na ametahadharisha juu ya kujisaidia katika njia za watu, kivulini wanapopumzika na mahali wanapoteka maji. Ameagiza kuwa mtu asiingie katika mji wenye tauni, wala asitoke humo kwa kuikimbia. Ametufundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika matawi ya imani. Na wanazuoni wamejenga juu ya mafundisho yake kanuni kubwa ya kwamba haifai kudhuru wala kulipiza dhara kwa dhara. Mwenye kuyakusanya haya atakuta kuwa elimu ya afya ya mazingira ina mlango wake katika fiqhi tangu mwanzo.

Kazi hii pia ilikuwa na mtu wake katika miji ya Waislamu, naye ni muhtasib. Huyu ndiye aliyekagua nyama bichoni, tanuri la mwoka mikate, usafi wa hamamu na mizani ya mwuza dawa. Ash-Shayzari, aliyeishi karne ya sita Hijria, aliandika kitabu kizima cha kumwongoza muhtasib katika kila ufundi wa sokoni. Imamu Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, alitaja sharti za mtu huyo katika kitabu chake Al-Ahkam as-Sultaniyya: awe mwadilifu, mwenye rai sahihi, mwenye ukakamavu katika dini, na mwenye kuyajua maovu yaliyo dhahiri. Akaeleza pia kuwa mfumo wa maji ya mji ukiharibika, muhtasib ana la kufanya ili utengenezwe. Kwa hiyo tunapouliza leo juu ya sifa za mshauri wa afya ya mazingira, hatuzushi jambo jipya. Tunaurejea mjadala ambao wanazuoni wetu waliufanya karibu miaka elfu iliyopita.

SIFA YA KWANZA: UJUZI ULIOTHIBITI

Qur'ani imetueleza katika Suratu Yusuf, aya ya 55, kuwa Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina za Misri, alitaja sifa mbili alizokuwa nazo: kuhifadhi na kujua. Ukiwa na moja bila ya nyingine, kazi haikamiliki. Mwaminifu asiyejua atatuangamiza kwa nia njema.

Ni ujuzi gani tunaouzungumzia? Mshauri wa mambo haya hana budi ajue namna maji yanavyotembea chini ya ardhi, ili aweze kusema kisima kikae umbali gani na choo. Ajue magonjwa yanavyoenea na namna ya kuyahesabu, ambayo ndiyo elimu inayoitwa epidemiolojia. Ajue sumu za viwandani na kiasi kinachodhuru mwili. Ajue wadudu wanaobeba maradhi, usafi wa chakula na usimamizi wa taka. Na kwa kuwa anaitwa mshauri wa sera, ajue pia sheria za nchi, bajeti za halmashauri, na namna uamuzi unavyopita kutoka kijijini hadi wizarani. Mtu anayejua maradhi lakini hajui ni ofisi ipi yenye mamlaka ya kufunga bomba la maji machafu, ushauri wake utabaki kabatini.

Nchini mwetu njia ya kuipata elimu hii ipo. Wale tunaowaita mabwana afya na mabibi afya husomeshwa katika vyuo kama kile cha Ngudu, mkoani Mwanza, na katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kuna shahada ya sayansi ya afya ya mazingira. Bunge lilitunga Sheria ya Usajili wa Wataalamu wa Afya ya Mazingira mwaka 2007, na likaanzishwa baraza la kuwasajili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo ilitaka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla ya mradi kuanza, na ifanywe na wataalamu waliosajiliwa. Sheria ya Afya ya Jamii ikafuata mwaka 2009. Maana yake ni kuwa mtu haruhusiwi kujivika kilemba cha utaalamu huu kwa kuwa tu ana shahada ya jambo jingine na anajua kuandika ripoti nzuri.

Na sheria hiyo inakubaliana na ile tuliyoisoma. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mtu anayejitia kutibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, atawajibika kwa madhara atakayoyasababisha. Tabibu mjinga humdhuru mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Mshauri mjinga hudhuru kijiji kizima kwa saini moja. Chukueni mfano wa mto Ruvu. Unaanzia katika milima ya Uluguru na kuishia baharini karibu na Bagamoyo, na mtambo wa Ruvu Chini uliopo wilayani humu hutoa hadi lita milioni 270 za maji kwa siku, sehemu kubwa kwa ajili ya wakazi wa Dar es Salaam. Mwenye kushauri vibaya juu ya taka zinazoingia katika mto huu hajawaumiza wa Makurunge peke yao. Amegusa glasi ya maji ya mtu wa Kariakoo ambaye hajapata kufika Bagamoyo. Na kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015, kikaenea katika mikoa mingi na kuwapata zaidi ya watu 20,000, kilitukumbusha sote kuwa maji na choo si mambo madogo.

SIFA YA PILI: KUWAJUA WATU NA LUGHA YAO

Elimu ya darasani haitoshi ikiwa mwenye nayo haelewi wanavyosema watu anaowashauri. Ushahidi wa hili tunao hapa hapa Bagamoyo. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, ulipoendeshwa mradi wa vyandarua vyenye dawa katika vijiji vya Yombo, watafiti walikaa na wananchi na kuwasikiliza wanavyoyaita maradhi ya homa. Wakagundua jambo kubwa. Watu walikuwa wakitofautisha baina ya homa ya malaria, ambayo waliiona ni homa ya kawaida inayotibika hospitalini, na degedege, ugonjwa unaomkamata mtoto kwa mitukutiko na kumpotezea fahamu. Degedege wengi hawakuihusisha na mbu. Waliona kuwa ni jambo la mashetani au la ndege wa usiku, na mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga. Watafiti hao walichapisha matokeo yao mwaka 1996.

Tafakarini maana yake. Mshauri ambaye angekuja na bango lililoandikwa kuwa chandarua kinazuia malaria, angesema kweli tupu, na mama wa Yombo angekubaliana naye kabisa. Lakini mama yule asingejua kuwa chandarua hicho hicho kinamkinga mtoto wake na degedege, ugonjwa anaouogopa kuliko yote. Neno moja lisiloeleweka lingeweza kugharimu roho. Waliolitambua walilitambua kwa kuuliza na kunyamaza wakisikiliza, kabla ya kufundisha.

Sisi tunaolingania tuna funzo maradufu hapa. Tunajua kuwa kumtundikia mtoto hirizi ni jambo lililokatazwa, kwa kuwa moyo huegemea kwa asiyekuwa Allah. Degedege inaonesha kuwa uharibifu wa itikadi huandamana na uharibifu wa mwili, kwani saa zinazopotea kwa mganga ndizo ambazo mtoto alizihitaji hospitalini. Lakini mwenye kuanza kwa kumkebehi mama aliyeshika hirizi amefunga mlango wa nasaha kabla hajaufungua. Allah (s.w.) hakutuma Mtume ila kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Basi mshauri anayekuja Bagamoyo na asijue wala asitake kujua tunavyosema, ana upungufu katika sifa zake, hata kama vyeti vyake vimejaa ukuta.

SIFA YA TATU: UAMINIFU MBELE YA ANAYELIPA

Sasa tufike kwenye sifa iliyo nzito kuliko zote. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa anayeombwa ushauri amewekewa amana. Na amana hupimwa pale inapogongana na maslahi. Hapa ndipo penye mtihani wa kazi hii, kwa sababu sheria yetu ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mradi agharimie tathmini yeye mwenyewe. Yeye ndiye humtafuta mshauri, na yeye ndiye humlipa. Hatusemi kuwa kila anayelipwa hivyo ni mwongo. Hata kadhi hulipwa. Lakini kila mwenye akili anaona kuwa mtu huyu amesimama mahali penye utelezi, naye anahitaji uchamungu au, kwa uchache, heshima ya kazi itakayomzuia kuanguka.

Tuangalie yaliyotokea kwa jirani zetu wa Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru ulio Mikindani palifunguliwa, mwaka 2007, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi. Mwaka 2009 kiwanda hicho kilimwajiri Bi Phyllis Omido, na katika kazi zake za mwanzo alitakiwa asimamie maandalizi ya ripoti ya athari kwa mazingira. Wataalamu walipopima, walionesha kuwa kiwanda kiko karibu mno na makazi na kwamba watu watadhurika. Bi Omido alilifikisha hilo kwa wakuu wake na kushauri kiwanda kihamishwe. Kilichofuata ni kuondolewa katika kazi hiyo ya ripoti. Baadaye mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonesha risasi katika damu yake.

Mama huyo aliacha kazi akaanza kudai haki pamoja na wakazi wa mtaa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani iliivuruga hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha tuzo Desemba 2024. Hesabuni miaka: tangu ushauri wa kweli ulipotolewa hadi haki ilipotamkwa kwa mara ya mwisho ni miaka 15. Na fidia yoyote haimrudishii mtoto akili iliyodumazwa na risasi, maana Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama.

Lililo kubwa katika kisa hiki ni kuwa ujuzi haukukosekana. Wataalamu walijua, na walisema. Kilichokosekana ni mwenye mamlaka wa kupokea ukweli uliokuwa ukimgharimu fedha. Na miongoni mwa walioshitakiwa walikuwemo wenye kiwanda na taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia. Mshauri mwaminifu hulindwa na watu wanaojua kuwa ametoa ushauri. Ushauri ukifungiwa ofisini, mwenye fedha huuzika bila ya mashahidi.

UMAR BIN KHATTAB NA USHAURI WA TAUNI

Tunao mfano bora wa namna ushauri wa afya unavyotakiwa kupokewa. Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham alipofika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kuwa tauni imeingia katika nchi ile. Ndiyo tauni mashuhuri kwa jina la Amwas. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo akawauliza, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureishi waliohama wakati wa Fat-hi, na hao wakaafikiana kwamba arejee na watu. Abu Ubayda (r.a.) alimpinga hadharani kwa hoja ya qadar, naye Umar akamjibu kwa hoja, wala hakumnyamazisha. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.), aliyekuwa hayupo, akaeleza alichokisikia kwa Mtume (s.a.w.) juu ya tauni. Umar akamhimidi Allah na akarejea.

Hapa pana mafunzo matatu. Kiongozi aliuliza makundi mbalimbali na hakutosheka na kundi moja lenye kumridhisha. Majadiliano yalikuwa mbele za watu na hoja za pande zote zikahifadhiwa hadi leo. Na neno la mwisho lilitoka kwa yule aliyekuwa na elimu mahsusi juu ya jambo lile, si kwa aliyekuwa na sauti kubwa. Linganisheni na mkutano wa saa moja chini ya mwembe, wenye karatasi ya mahudhurio na soda.

JE, NI SHARTI AWE MUISLAMU?

Swali hili huulizwa mara kwa mara, na ni vema lijibiwe kwa dalili. Mtume (s.a.w.) na Abubakar Siddiq (r.a.) walipohama kutoka Makka kwenda Madina, walimwajiri mwelekezi wa njia, Abdullah bin Urayqit, naye wakati huo alikuwa katika dini ya makafiri wa Kikureishi. Walimpa wanyama wao na siri ya safari yao katika siku ambazo Makureishi walikuwa wakiwasaka. Kwa nini walimchagua yeye? Kwa sababu alikuwa bingwa wa kuzijua njia, nao walimwamini. Sifa hizi mbili zinafanana na zile alizozitaja binti wa yule mzee wa Madyan katika Suratul Qasas, aya ya 26, alipompendekeza Nabii Musa (a.s.) aajiriwe: nguvu na uaminifu.

Kwa hiyo mtaalamu asiyekuwa Muislamu, anayejua kazi yake na aliye mkweli, huchukuliwa ushauri wake katika maji, taka na sumu. Na Muislamu mwenye ndevu na kanzu asiyejua tofauti ya kisima kirefu na kifupi, hana haki ya kupewa kazi hii kwa sababu ya udugu. Kumpa ni kuipoteza amana, na Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa mambo yakikabidhiwa wasiostahiki, basi kingojewe Kiyama. Lakini jawabu hili lisiwe godoro la kulalia. Ikiwa kila mshauri anayeingia Bagamoyo anatoka mbali, hiyo ni dalili kuwa sisi wenyewe hatujazaa wa kutosha.

WAJIBU WETU

Wanazuoni wameeleza kuwa elimu ambazo umma hauwezi kusimama bila ya hizo, kama tiba na hisabu, ni fardhi kifaya. Wakipatikana wa kutosha, dhambi huondoka kwa wote, na wasipopatikana, wote huulizwa. Elimu ya afya ya mazingira imo humo bila ya shaka. Basi wazazi na walimu wenzetu wa madrasa, kijana aliyehifadhi juzuu zake na akafaulu fizikia, kemia na baiolojia, msimwone amepotea akienda kusomea ubwana afya. Mwambieni anakwenda kuishika kazi ya muhtasib. Kamati za misikiti zenye mifuko ya elimu nazo zitazame jambo hili pamoja na yale zinayoyagharimia.

Wajibu wa pili uko ndani ya kuta zetu. Misikiti mingi ya mwambao ina kisima cha kutawadhia na choo cha shimo katika kiwanja kimoja kidogo. Wataalamu hushauri kisima kiwe mbali na choo kwa mita 30 au zaidi, kutegemea udongo na mteremko wa maji, na udongo wa pwani ulio na mchanga hupitisha uchafu kwa wepesi. Kamati na imuite afisa afya wa kata, apime na ashauri, kisha ushauri wake ufuatwe hata ikiwa utatugharimu. Hatutakuwa na uso wa kumdai mwenye kiwanda awajali jirani zake ikiwa sisi tunawanywesha wanafunzi wa madrasa maji tusiyoyapima.

Wajibu wa tatu ni kuuliza. Mshauri mwelekezi akifika kijijini, asipokewe kwa uadui wala kwa unyenyekevu uliopita kiasi. Apokewe kwa adabu, kisha aulizwe haya:

1. Umesajiliwa wapi, na kwa utaalamu gani? Tunaomba tuone cheti chako.

2. Ni nani anayekulipa, na je, malipo yako yatabadilika ukisema mradi haufai mahali hapa?

3. Katika jopo lako, ni nani mwenye elimu ya afya ya watu, mbali na wale wa ardhi na majengo?

4. Umepima nini: maji ya visima vipi, msimu gani, masika au kiangazi?

5. Wanawake wanaoteka maji, wavuvi na wakulima wa mwani umewasikiliza lini, na wamesema nini?

6. Tukitia saini, tunatia saini ya kuhudhuria au ya kuridhia?

7. Muhtasari wa Kiswahili tutaupata lini? Kanuni za tathmini za mwaka 2005 ziliweka sharti la kuwepo muhtasari wa lugha nyepesi kwa Kiswahili na Kiingereza.

Mshauri anayestahiki atafurahi kuulizwa, kwa kuwa maswali haya humpa nguvu mbele ya anayemlipa. Atakayeyakasirikia amekwisha jieleza. Na majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, nakala ikae kwa serikali ya kijiji na nyingine kwa wazee, ili siku ya hitilafu isiwe neno la mtu juu ya neno la mtu. Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul Baqara kuandika deni la muda maalumu na kulishuhudisha. Afya ya kizazi ni nzito kuliko deni la dirhamu.

Na mwenye kujua, asifiche. Mvuvi aliyeona samaki wakielea, mama aliyeona maji ya kisima yamebadilika rangi, mwalimu aliyeona watoto wa mtaa mmoja wakikohoa, hao wote ni mashahidi, na Qur'ani imetukataza kuuficha ushahidi. Wapeleke habari kwa afisa afya wa kata, kwa halmashauri ya wilaya, na kwa mamlaka ya taifa ya mazingira ambayo wengi wanaijua kwa jina la NEMC. Wapeleke kwa maandishi, kwa tarehe na kwa ukweli, bila ya kuongeza chumvi, maana uongo wa mwenye haki humpa nguvu dhalimu.

Ndugu Waislamu, ardhi hii tumeikuta na tutaiacha. Waliozikwa Kaole kwa karne nyingi walikunywa maji ya visima vyake wakatuachia sisi. Siku ya Kiyama mshauri ataulizwa juu ya alichokiandika, mwenye mradi juu ya alichokificha, na sisi juu ya tulichokinyamazia.

Tunamuomba Allah (s.w.) awajaalie viongozi wetu washauri wema wanaojua na kusema kweli, ayabariki maji yetu, na awatoe miongoni mwa watoto wetu watu wenye elimu na amana.

Wabillahi tawfiq.